Uzi Ukikatika, Usianze na Skrubu

Juma hili ningependa tuzungumzie jambo ambalo kwa watu wengi ni dogo, lakini kwa mwenye cherehani ni jambo la chakula cha watoto. Jambo lenyewe ni uzi unaokatika-katika wakati wa kushona, pamoja na mshono unaolegea upande mmoja na kukaza upande wa pili.

Najua wapo watakaouliza: je, kwa mambo yote ya dunia hii, tumekosa la kuzungumza hata tukaangukia kwenye uzi? Nawaomba subira. Wengi wetu tuishio mjini tunayo cherehani nyumbani, imefunikwa kitambaa pembeni mwa sebule, na haishoni kwa sababu "uzi unakatika". Wengine tumekwenda Kariakoo, tukanunua cherehani, tukaifunga kwenye gunia na kuipandisha basi iende kwa mdogo wetu au mpwa wetu huko bara. Baada ya miezi michache tunaletewa habari kuwa mashine imeharibika. Mara nyingi mashine hiyo haijaharibika hata kidogo.

Mfano wangu leo ni Mtendeli, kule kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Wengi mmelisikia jina hilo katika habari za wakimbizi. Mtendeli iko katika Wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Palikuwa na kambi katika miaka ya 1990, wakati ndugu zetu wa Burundi walipokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Kambi hiyo ilifunguliwa tena mwezi Januari 2016, baada ya machafuko mapya ya Burundi ya mwaka 2015 kuijaza kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Mwishoni mwa mwaka 2021 Mtendeli ilifungwa, na waliokuwa wamebaki wakahamishiwa Nduta, wilayani Kibondo.

Katika maisha ya namna hiyo, cherehani ina thamani ya pekee. Mkimbizi hawezi kubeba shamba mgongoni. Ufundi anaweza kuubeba, na cherehani, kwa taabu, anaweza kuipakia. Ndiyo maana ushonaji ulikuwa miongoni mwa kazi zilizofundishwa katika kambi za Kigoma. Nje ya kambi, kwa wenyeji Waha, hali ni hiyo hiyo. Kijana amalizaye mafunzo ya ushonaji katika chuo cha ufundi, au katika mojawapo ya vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza mwaka 1975, huweka cherehani yake barazani mwa duka na kuanza maisha. Mbele yake zinapita kanga na vitenge, sare za shule za mwezi Januari, na nguo za ndoa na za ubatizo. Mashine ikisimama wiki moja wakati wa sare, mteja huchukua kitambaa chake na kwenda kwa mwingine. Kitambaa kilichoondoka hakirudi.

Tena huko fundi wa mashine hayuko kila kona. Barabara itokayo Nyakanazi kwenda Kigoma, inayopita Kakonko, Kibondo na Kasulu, ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Mashine iliyosafirishwa juu ya lori katika barabara kama ile hufika imetikisika kila skrubu, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hadi ndani ya bobini. Mtu asiyejua chanzo cha tatizo huanza kukaza hapa na kulegeza pale. Akifika skrubu ya saba, mashine iliyokuwa na kosa moja sasa ina makosa manane. Mwishowe inauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Hasara hiyo ndiyo iliyonifanya nichague mazungumzo haya.

Basi, kabla ya kutengeneza, tujue kwanza mshono unatokea vipi.

Cherehani tulizozizoea hushona kwa nyuzi mbili. Uzi wa juu hutoka kwenye kibiringo, hupita kwenye kikaza uzi, hupanda kwenye ule mkono mdogo unaocheza juu na chini, kisha huingia katika tundu la sindano. Uzi wa chini hutoka kwenye bobini. Sindano inaposhuka hupeleka uzi chini ya kitambaa. Inapoanza kupanda tena, uzi huo hulegea kidogo na kufanya kitanzi nyuma ya sindano. Hapo hapo ncha ya kulabu inayozunguka huko chini hukidaka kitanzi, hukipanua, na kukizungusha pande zote za bobini. Kisha ule mkono mdogo wa juu huvuta uzi uliozidi, na nyuzi mbili zinafungana katikati ya unene wa kitambaa.

Werevu wa mpango huu ulianza na jambo dogo, nalo ni kuliweka tundu la sindano karibu na ncha badala ya kwenye kichwa kama ilivyo kwa sindano ya mkono. Elias Howe wa Marekani alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Wafaransa walikuwa wametangulia kwa mashine ya uzi mmoja ya Barthélemy Thimonnier, aliyepata hataza mwaka 1830. Mwaka uliofuata washonaji wa Paris waliivamia karakana yake na kuzivunja mashine, wakihofia kunyang'anywa riziki. Leo riziki ya mshonaji wa Kibondo ni hiyo hiyo mashine ambayo wenzake wa Paris waliivunja.

Sasa angalieni jambo moja. Kitanzi kinachozunguka bobini ni kikubwa kuliko urefu wa mshono mmoja. Sehemu kubwa ya uzi huo hushuka, kisha huvutwa kurudi juu. Kwa hiyo kipande kile kile cha uzi hupita katika tundu la sindano makumi ya mara, kikienda na kurudi, kabla hakijatulia ndani ya kitambaa. Penye mkwaruzo mdogo tu, kwenye tundu la sindano, kwenye sahani au kwenye ncha ya kulabu, uzi utasuguliwa makumi ya mara mahali hapo. Lazima ukatike. Hii ndiyo sababu tatizo la uzi kukatika halianzii kwenye skrubu za kukaza. Mara nyingi huanzia mahali unapopita uzi.

Kutokana na hilo tunapata kanuni moja: anza na lisilogharimu kitu, kisha liendee la gharama ndogo, na skrubu iwe ya mwisho.

Hatua ya kwanza ni kuvua uzi wote wa juu na kuuvika upya. Hatua hii haina gharama yoyote, na ndiyo inayotatua matatizo mengi kuliko nyingine zote. Unapovika uzi, inua kile kiguu kinachokandamiza kitambaa. Kiguu kikiwa juu, visahani viwili vya kikaza uzi huachana, na uzi huingia katikati yao. Kiguu kikiwa chini, visahani vimebanana, na uzi hukaa ukingoni bila kubanwa. Matokeo yake ni vitanzi vingi chini ya kitambaa, na mshonaji hudhani bobini ndiyo mbaya.

Mtihani wake ni rahisi. Ukiisha kuvika uzi, uvute kwa mkono huku kiguu kimeinuliwa. Utakuja kwa ulaini. Shusha kiguu, uvute tena. Sasa utagoma, hata sindano itapinda kidogo. Kama hakuna tofauti, uzi haumo ndani ya visahani, au kuna takataka katikati yao. Pitisha kitambaa chembamba safi katikati ya visahani, ukiuondoa uchafu, kisha jaribu tena.

Hakikisha pia kuwa uzi umepita katika ule mkono mdogo unaopanda na kushuka. Ukiruka hapo, mashine hujaza fundo la uzi chini ya kitambaa mara moja, na kukwama. Anza kushona mkono huo ukiwa juu kabisa, na shika miisho ya nyuzi zote mbili kwa vidole mpaka mishono mitatu au minne ya kwanza ipite.

Hatua ya pili ni kutazama kibiringo cha uzi chenyewe. Vibiringo vingine vina ufa ukingoni, na uzi hunaswa humo kila unapozunguka. Wengi siku hizi wananunua uzi wa koni kubwa kwa kuwa ni nafuu. Uamuzi ni mzuri, lakini koni haikutengenezwa izunguke juu ya kijiti cha cherehani. Uzi wake hutakiwa kutoka kwa juu, koni ikiwa imesimama imara. Isimamishe ndani ya kopo nyuma ya mashine, na upitishe uzi kwenye pete ya waya iliyo juu yake kabla haujafika kwenye mashine. Uzi ukija kwa mivuto-mivuto, mshono nao utakuwa wa mivuto-mivuto.

Na uzi wenyewe una umri. Uzi uliokaa dirishani mwa duka miaka miwili, ukipigwa jua, huwa umechoka hata kama rangi yake bado inang'aa. Kata kipande cha urefu wa mkono, ukivute taratibu. Uzi mzima hugoma kwanza, kisha hukatika kwa kishindo kidogo. Uzi uliooza huachia bila ubishi. Uzi wa namna hiyo hautapona kwa ufundi wowote.

Hatua ya tatu ni sindano. Hapa ndipo ubahili wetu unapotugharimu. Mshonaji atatumia sindano moja tangu Pasaka hadi Krismasi, mradi haijavunjika. Sindano huwa butu na hupinda muda mrefu kabla ya kuvunjika. Mafundi wengi hushauri kubadili sindano baada ya saa nane hivi za kushona. Mwenye kipato kidogo anaweza kuinyoosha saa hizo, lakini sindano ikianza kutoa sauti ya kudunda inapoingia katika kitambaa, au kuruka mishono, wakati wake umekwisha. Iweke juu ya kioo, upande wake bapa ukiwa chini, uichungulie. Kama nafasi iliyo kati ya sindano na kioo hailingani kuanzia mwanzo hadi mwisho, imepinda, itupe.

Ukubwa wa sindano uendane na kazi. Juu ya pakiti huandikwa namba mbili, kwa mfano 90/14. Ile namba 90 ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.9. Kwa vitambaa vyepesi tumia namba 11, kwa kitenge na sare za shule namba 14, na kwa jinzi, turubai na kazi ya matabaka mengi namba 16 au 18. Uzi mnene katika tundu dogo husuguliwa hadi ukatike. Uzi mwembamba katika sindano nene hufanya kitanzi kisichoeleweka, na kulabu ikakikosa.

Kisha kuna kuikaza sindano upande usio wake. Sindano ya cherehani ina mfereji mrefu upande mmoja na, kwa sindano za majumbani, sehemu bapa kichwani upande wa pili. Mfereji mrefu huelekea upande uzi unakoingilia, na upande bapa huelekea kwenye kulabu. Mashine hutofautiana: nyingine uzi huingia kwa mbele, nyingine kwa ubavuni. Lakini kanuni hiyo ya mfereji haibadiliki. Isukume sindano juu hadi igonge mwisho wake, ndipo uikaze. Ikiwa chini kidogo tu ya mahali pake, kulabu haitakipata kitanzi.

Hatua ya nne ni usafi. Fungua sahani iliyo chini ya sindano, toa bobini, na tazama. Katikati ya meno yanayosogeza kitambaa utakuta sufi ya nyuzi imeshindiliwa kama godoro. Itoe kwa brashi ndogo kavu. Usiipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na uchafu utakwenda ndani zaidi. Kwenye kile kikasha cha chuma cha bobini kuna kibati chembamba cha springi, na uzi wa chini hupita chini yake. Uchafu mdogo tu, ukinaswa hapo, huiinua springi na kuulegeza uzi wote. Pitisha kona ya karatasi ngumu chini ya springi, utautoa bila kugusa skrubu.

Katika nyanda za Kibondo na Kasulu, wakati wa kiangazi, mshonaji wa barazani afanye usafi huu kila jioni. Na usiku mashine ifunikwe.

Baada ya usafi ni mafuta. Tumia mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi. Mafuta ya kupikia hukauka na kugeuka gundi, na mafuta ya injini ni mazito, hukusanya vumbi. Mashine iliyokwisha kuganda kwa mafuta ya kupikia huweza kulegezwa kwa matone ya mafuta ya taa, mbali na moto, kisha ikafutwa na kupewa mafuta yake halisi. Mashine inayoshona kutwa nzima ipewe tone moja moja kila siku katika matundu yake. Ukimaliza, shona kwanza kwenye kitambaa kibovu ili mafuta yaliyozidi yasiharibu nguo ya mteja.

Hatua ya tano ni kutafuta mikwaruzo. Sindano iliyopinda hugonga sahani na kuacha makali kwenye tundu lake. Pitisha ukucha taratibu kuzunguka tundu hilo. Ukisikia ukucha unakwama, hapo ndipo panapokata uzi. Makali madogo husuguliwa kwa kipande cha msasa laini kabisa, kilichosokotwa kama uzi. Fanya vivyo hivyo kwa kuigusa kulabu, lakini ncha yake usiinoe wala kuifupisha.

Kwa wanaojifunza cherehani ya kukanyaga, kuna kosa moja zaidi. Miguu isipozoea, gurudumu huanza kwa kurudi nyuma. Kwa cherehani nyingi tunazotumia, upande wa juu wa gurudumu la mkono uje kwa mshonaji. Likizunguka kinyume, hata nusu duara, kulabu huuvuruga uzi na kuukata. Anzisha gurudumu kwa mkono wa kulia, kisha miguu ifuate. Nawashauri wanafunzi wakanyage bila uzi kwa siku mbili tatu, wakifuata mistari iliyochorwa kwenye karatasi, mpaka miguu itii.

Sasa ndipo tunapofika kwenye skrubu za kukaza.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vivyo hivyo uzi mmoja haufungi mshono. Nyuzi mbili zinavutana, na tunachotaka ni zitoshane nguvu ili fundo likae katikati ya kitambaa lisionekane. Ili kujua ni uzi upi unaozidi, fanya jaribio la rangi mbili. Weka uzi mweupe juu na mweusi chini, wa aina moja na unene mmoja. Chukua kipande cha kitambaa kile kile utakachoshona, chenye matabaka yale yale, ushone kiasi cha shibiri moja.

Ukiona vidoti vyeusi upande wa juu, uzi wa juu unavuta mno na kuupandisha wa chini. Ulegeze uzi wa juu kidogo. Ukiona vitanzi vyeupe upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Ukaze kidogo. Angalieni hapa ndipo wengi wanapopotea: vurugu inayoonekana chini ya kitambaa kwa kawaida imetoka juu. Mtu akiona vitanzi chini hukimbilia bobini, akaiharibu bure.

Kikaza uzi cha juu hugeuzwa kulia ili kukaza na kushoto ili kulegeza. Geuza kidogo, shona, tazama, kisha geuza tena. Haraka haraka haina baraka. Kumbuka pia kuandika au kuweka alama mahali ulipoanzia, ili uweze kurudi.

Skrubu ndogo ya kikasha cha bobini iguswe tu pale ambapo uzi wa juu umeshindwa kuleta usawa. Ipime hivi: weka bobini ndani ya kikasha, shika mwisho wa uzi, ukiache kikasha kining'inie juu ya kiganja cha mkono wa pili. Kikianguka chenyewe moja kwa moja, uzi umelegea. Kikikataa kushuka hata ukitikisa mkono, umekaza mno. Kinachofaa kitulie, na ukitikisa mkono kidogo kishuke kidogo na kusimama. Ukilazimika kugeuza skrubu, igeuze sehemu ndogo sana, chini ya robo ya mzunguko, tena juu ya kitambaa cheupe kilichotandazwa mezani. Skrubu hiyo ni ndogo kama punje ya ulezi, na ikidondoka kwenye udongo wa barazani huipati tena.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuseme kidogo juu ya kazi nzito. Kule kwenye nyanda za juu usiku ni wa baridi. Kuna kazi ya kushona mifarishi: vipande vya vitenge vilivyobaki huunganishwa viraka kwa viraka, pamba au blanketi kuukuu ikawekwa katikati, na kitambaa kingine chini, kisha matabaka yote matatu yakashonwa pamoja. Ni kazi nzuri, haipotezi kitambaa, na inauzika. Lakini ndiyo kazi inayokata nyuzi kuliko zote.

Sababu ni mbili. Kwanza, matabaka huteleza, la juu likienda huku la chini limebaki. Dawa yake ni kupiga bandi kwa mkono kabla ya kwenda kwenye mashine, kuanzia katikati kwenda pembeni. Pili, mfarishi ni mzito, uzito wake huning'inia nje ya meza na kuuvuta mshono. Mshonaji naye huuvuta kwa nyuma ili usogee. Mvuto huo huipinda sindano, sindano hugonga sahani, sahani hupata makali, na makali hukata uzi. Tangu siku hiyo hata nguo nyepesi hukatika uzi, na mwenye mashine hajui kuwa ugonjwa aliupata kwenye mfarishi wa wiki iliyopita. Uwekee mfarishi meza au kiti pembeni uubebe uzito, na uyaache meno ya mashine ndiyo yausogeze. Tumia sindano namba 16 au 18, refusha mshono hadi milimita 3 au zaidi kidogo, punguza mkandamizo wa kiguu, na ulegeze kidogo uzi wa juu baada ya kujaribu kwenye kipande chenye unene ule ule. Unapofika penye maungio manene, acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono.

Je, ni wakati gani wa kumwita fundi? Ukiisha kuvika uzi upya, kuweka sindano mpya kwa usahihi, kusafisha na kutia mafuta, na mashine bado inaruka mishono mfululizo au haishiki kabisa uzi wa chini, yawezekana kulabu na sindano hazikutani tena kwa wakati wake. Hali hii hutokea baada ya mashine kuanguka, kukwama kwa nguvu, au kusafiri vibaya. Hapo usilegeze chochote. Funika mashine, tafuta fundi, na mweleze yote uliyokwisha kufanya. Utakuwa umempunguzia muda, na wewe umejipunguzia gharama.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa cherehani mara nyingi ni sindano moja. Kwa hiyo nawaombeni ninyi mlioko mjini, mnaponunua cherehani ya kupeleka nyumbani, msiishie kwenye mashine. Tieni ndani ya kifurushi pakiti tatu nne za sindano za namba mbalimbali, chupa ya mafuta yake, bisibisi ndogo na kubwa, brashi, bobini za akiba na mkanda mmoja wa ziada. Fungeni kichwa cha mashine peke yake, kikiwa kimelazwa na kuzungushiwa nguo kuukuu, kisisafiri kikiwa juu ya meza yake. Na anayepokea, aonyeshwe mambo haya kabla ya kuanza kazi, hata kama anajua kushona. Kujua kushona na kujua mashine ni elimu mbili, na katika mafunzo mengi tunayotoa, ya pili huachwa hadi mashine ikwame.

Zipo mashine za zamani za Singer zilizotengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, ambazo mpaka leo zinashona. Kiwanda hakipo, waliozitengeneza wengi wametangulia mbele ya haki, lakini chuma kinafanya kazi kwa sababu kila aliyekirithi alikitia mafuta na kukibadilishia sindano. Cherehani unayoipeleka Kakonko, Kibondo au Kasulu mwaka huu inaweza kumsomesha mtoto ambaye bado hajazaliwa, mradi siku uzi utakapokatika, mwenye nayo aanze kwa kuuvika upya.